Jamvi la Bi Biubwa

Wapo watu Kisarawe mpaka leo wanaosema kwamba Bi Biubwa binti Mwinyijuma alimwangukia miguuni Metroni, yule mama wa Kizungu mkuu wa shule ya wakunga, ili asifukuzwe kazi. Waongo. Nilikuwepo. Dirisha la ofisi yake lilikuwa wazi, na mimi, fundi baiskeli, nilikuwa chini yake nimeinamia baiskeli ya karani wa shule, na masikio yangu yalikuwa mazima kama yalivyo sasa. Waliotutawala wamekwenda zao, lakini uongo wao wameuacha umekaa kwenye viti vyao kama mwenye nyumba. Acheni niuinue.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, mwaka ule watoto walipogawiwa bendera za karatasi wazipepee kwa ajili ya malkia wasiyemjua. Serikali ilikuwa imejenga shule ndogo ya wakunga kando ya barabara ya Morogoro, ukipita Maili Moja kidogo. Nyumba mbili ndefu za bati: moja ya kusomea, moja wodi. Wodini kulikuwa na vitanda vya chuma na shuka nyeupe zilizonyooshwa mpaka ukizitazama macho yanauma. Kasoro moja tu, vitanda vilikuwa vitupu.

Wanawake wa huku hawakwenda. Kwetu mwanamke alizaa amepiga magoti juu ya jamvi, mama yake au mkwewe kamshika mgongoni, kazungukwa na watu wake. Kule wodini alilazwa chali kama maiti anayengoja kuoshwa, peke yake, mama yake kafungiwa nje ya mlango. Nani angekwenda? Kwa hiyo wasichana wa shule ile walijifunza kuzalisha mwanasesere wa kitambaa. Mabwana wa mjini wakija kukagua, Metroni aliwaonesha shuka. Safari ya mwisho walimwambia wazi: wasichana hawa wasipozalisha watu wa kweli hawatapata vyeti, na shule isiyotoa vyeti itafungwa.

Bi Biubwa alikuwa mwalimu wa pale, mweusi peke yake kati ya wenzake. Mzaliwa wa Kisarawe. Alisomea ukunga mjini, akafanya kazi wodini miaka mingi mpaka wakaona hawana budi kumpa darasa. Mrefu, sauti yake inasikika ng'ambo ya barabara, na alijua kwamba anajua. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa ukimsifu. Ukimwambia, "Bi Biubwa, wewe hodari," alikujibu, "Najua. Sasa niletee maji."

Na kufundisha hakukumtoa kazini. Ijumaa mchana akishafunga darasa alichukua mkoba wake, akadandia lori lolote la kuni au la mkaa, akaenda. Mara nyingi kwao Kisarawe. Wiki nyingine Mlandizi, nyingine Magindu kwa wafugaji. Huko alizalisha, alipapasa matumbo ya wajawazito, aliosha vitovu vya watoto vilivyopakwa majivu. Kisarawe vitoto vya kike vinavyoitwa Biubwa vilijaa hata mama akiita jioni jina hilo, wanakuja watoto wa nyumba za jirani zote. Jumatatu anarudi darasani, anawaambia wasichana: "Wekeni kando huyo mwanasesere. Jana nimempata mtoto katanguliza matako. Nisikilizeni."

Ndipo Metroni alipoona haya. Alhamisi moja akamwita, akamwambia, nami nasikia kila neno, kwamba mwalimu hapigi magoti kwenye udongo. Sare ya Serikali haivaliwi vibandani. Mabwana wa mjini wakisikia, wataiona shule kama ya kishenzi.

"Metroni," Bi Biubwa akasema, "ninachofundisha Jumatatu nimekifanya Jumamosi. Nikiacha kwenda, nitawafundisha nini? Kutandika?"

"Jumatatu asubuhi utanijibu. Darasa au vijiji. Viwili pamoja hapana."

Alipotoka nje nilimfuata na bisibisi mkononi. Damu ilikuwa imenichemka. "Bi Biubwa, hili tusilinyamazie. Jumapili niwakusanye watu wa Maili Moja, nisimame juu ya pipa, niwaambie huyu mama kaja na meli juzi, leo anatupangia nani azaliwe wapi!"

"Adamu, wewe mtu akipiga chafya unaitisha mkutano."

"Sasa utachagua kipi?"

"Nichague kwani mimi ninanunua kitenge? Kazi ni moja. Yeye ndiye aliyeikata vipande viwili." Akaondoka. Lakini niliona ameshika mkoba kwa mikono miwili, naye huushika kwa mmoja. Darasa lile alikuwa amelipata kwa jasho la nusu ya umri wake, na vijiji vile ndivyo vilivyomzaa. Kumnyima kimoja ilikuwa kumwacha nusu mtu, na Metroni alilijua hilo.

Jumamosi asubuhi akaja Twalibu wa Janga. Alikuwa amekanyaga baiskeli hata shati limemganda mgongoni, na mnyororo umemkatikia Mlandizi, kapata lori kwa huruma ya dereva.

"Shikamoo, Bi Biubwa. Mke wangu, Sikudhani. Uchungu tangu jana mchana. Mtoto hashuki. Mama anasema..."

"Mama yako anasema ataje," Bi Biubwa akamalizia.

Twalibu akaitazama miguu yake.

Nieleze hapo, kwa vijana. Zamani kwetu uchungu ukirefuka, wazee walisema mwanamke ana jina la mwanamume wa nje moyoni, nalo ndilo limemziba mtoto. Alikalishwa, akabanwa ataje. Akitaja, njia inafunguka. Asipotaja, anakufa na siri yake. Na akitaja akapona, ndoa imekwisha, na aliyetajwa atafute pa kwenda. Nami nyumba hiyo ya Janga naifahamu vizuri. Mama yake Twalibu, Bi Mwanne, alikuwa na binti, Mwamini. Mwaka wa thelathini na nane Mwamini alikaa na uchungu, wakambana, akamtaja kaka yangu Mfaume, kijana aliyekuwa amepita asubuhi ile kuuza muhogo. Akataja, na akafa vilevile, yeye na mtoto. Mfaume wakamtoa Janga kwa mawe. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, huko Korogwe, na mama yetu alizikwa bila kumwona. Mimi sisahau. Kuna watu husema kelele zangu zinanisahaulisha. Mimi ndiye nisiyesahau.

Kwa hiyo Twalibu alipotuita Janga, nilikuwa wa kwanza kumwambia Bi Biubwa: "Ukienda leo, Metroni atasema umeshachagua."

"Nilichagua kabla yeye hajapanda meli. Beba mkoba. Zubeda!" Zubeda alikuwa mwanafunzi wake, msichana wa Mlandizi, hodari wa darasani. Akatoka mbio amevaa sare nyeupe pepe. "Vua hiyo kofia, mwanangu, itaangukia kwenye sufuria."

Tulifika Janga jua la utosi. Uani watu wamejaa kama arusini. Wanawake wengine walikuwa ndani, chumba kidogo, wamebanana hata hewa haipiti. Bi Mwanne alitoka mlangoni, kajifunga kanga kiunoni. Aliponiona alinitambua, akageuza uso kwa Bi Biubwa.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa heri, lakini hapa hakuna kazi ya dawa. Huyu kanyamazia jambo. Akitaja, atazaa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na tano, yamepangwa. Bi Biubwa akanikanyaga mguu, na viatu vyake vya Serikali vilikuwa vizito.

"Shikamoo, Bi Mwanne," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara. "Umesema kweli, atataja. Lakini tangu lini aibu ya nyumba ikasikilizwa na mtaa mzima? Anayesikiliza ni mkunga. Mkunga leo ni mimi. Tokeni nje wote."

Wanawake wakatazamana. Neno lilikuwa la mila yao wenyewe, wangelipinga vipi?

"Hata mimi?" akauliza Bi Mwanne.

"Wewe zaidi. Mkwe akikaa hapo, mtu atataja nini? Nenda kachemshe chai, uitie sukari ya kutosha. Mtu hawezi kutaja na koo kavu."

Chumba kikamwagika uani. Mlango ukafungwa, wakabaki Bi Biubwa, Zubeda na Sikudhani.

Ya ndani nimeyapata kwa Zubeda, naye si mtu wa kutia chumvi. Sikudhani alikuwa kaegemea ukuta, midomo imepasuka. Akamshika Bi Biubwa mkono akasema: "Dada, sina wa kumtaja. Nimtaje nani? Nipe jina lolote nilitaje, nipumzike."

"Hutaji mtu. Nimesema vile wapate kutoka. Wewe tangu jana umekwenda haja ndogo?"

"Wamenikataza kutoka. Wanasema nikienda uani na siri, nitamwacha mtoto huko."

"Na chai wanakunywesha?"

"Uji, chai, maji ya mizizi. Kila anayekuja ana kikombe chake."

Bi Biubwa akamwita Zubeda. "Weka mkono hapa. Juu ya kinena. Unasikia nini?"

"Kichwa cha mtoto?"

"Kichwa kiko hapa chini. Hiki cha juu, kinachojaa kama tikiti, ni nini?"

Zubeda akapapasa tena, kisha akasema, "Kibofu."

"Kibofu. Kimejaa, kimeziba mlango, mtoto anagonga hapati pa kupita. Mwanasesere wako alikuwa na kibofu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi ndiyo maana tumekuja. Nawa mikono. Mpaka kwenye viwiko."

Kulikuwa na mpira mwembamba kwenye mkoba, umechemshwa na kufungwa kwenye kitambaa. Zubeda akataka Sikudhani alale chali kama kitabu kinavyosema. Akalazwa kwa muda wa kazi ile tu, mkojo ukatoka, beseni likajaa hata Zubeda akaogopa. Kisha Bi Biubwa akamnyanyua Sikudhani mwenyewe, akampigisha magoti juu ya jamvi, akampa chai ya sukari.

"Mwalimu, na kitanda?" Zubeda akauliza.

"Kwani mtoto kaulizia kitanda?"

Huku nje sisi tulikuwa na kioja chetu. Mimi na wanaume wa Janga tulikaa kwenye magogo, na kila mmoja alijua kwamba mle ndani jina linatafutwa. Nikawatazama mmoja mmoja. Watu walikuwa hawatulii. Hemedi, yule aliyekuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa, akainuka akasema mbuzi wake hajafungwa.

"Hemedi, wewe mbuzi ulimuuza mwaka jana," nikamwambia.

"Nimenunua mwingine."

"Lini?"

"Adamu, wewe na maswali yako utafungwa na Serikali!" Akaondoka huku anatembea kama mtu aliyebanwa. Mwingine akasema anakwenda kuswali adhuhuri, na tulikuwa tumeshaswali wote. Twalibu peke yake hakuondoka. Alikaa kashika kichwa. Nikamwuliza, "Akitaja, utafanya nini?"

"Sitaki kusikia jina, Bwana Adamu. Nataka kusikia mtoto."

Hapo nikampenda, ingawa ni mtoto wa nyumba ile.

Na tukasikia. Kwanza sauti ya Sikudhani, ndefu, kisha ya Bi Biubwa ikiamrisha, kisha kilio chembamba chenye hasira, kilio cha mtu aliyechelewa kwa makosa ya wengine. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwanne akasimama mlangoni kabla vigelegele havijaisha.

"Kamtaja nani?"

Bi Biubwa akatoka, mikono yake mibichi ina harufu ya sabuni, akatutazama wote.

"Nimemsikiliza mimi, na mimi nasema: hakuna mwanamume mle ndani ila huyu aliyezaliwa. Twalibu, una mtoto wa kiume. Nenda ukanunue sukari nyingine, hii tumeimaliza. Bi Mwanne, njoo uone kilichokuwa kimeziba."

Wakaingia. Bi Mwanne akaoneshwa beseni.

"Mkojo?"

"Mkojo, mama. Mmemnywesha tangu jana, mkamkataza kutoka."

Zubeda anasema mama yule aliinama akalitazama beseni muda mrefu, kama mtu anayetazama kisimani kitu alichokitumbukiza. Kisha akasema, si kwa Bi Biubwa, si kwa mtu yeyote: "Mwamini naye tulimkataza."

Bi Biubwa hakumwambia pole ya bure, wala hakumlaumu. Alimpa mjukuu amshike. Alipokwisha kumshika vizuri akamwambia: "Jumatatu asubuhi nafukuzwa kazi."

"Kwa kosa gani?"

"La kuja hapa. Janga kuna wajawazito waliokaribia?"

"Wapo. Watatu."

"Nataka uwalete kule shuleni asubuhi, uje nao mwenyewe. Wapapaswe, wajulikane. Siku zao zikifika, waje kuzalia pale, na wasichana wangu wajifunze kwa watu."

"Wakalazwe chali?"

"Waje na majamvi yao. La chali niachie mimi."

Bi Mwanne hakusema ndiyo. Alisema, "Tutaona," na njia nzima ya kurudi mimi nikawa nalalamika kwamba tutaona ya nyumba ile naijua. Bi Biubwa alikuwa amelala juu ya magunia ya mkaa, anakoroma.

Jumatatu nilikuwa chini ya dirisha na baiskeli ya karani, ambayo kusema kweli haikuwa na ubovu wowote. Metroni alikuwa nyuma ya meza. Bi Biubwa amesimama, sare imepigwa pasi mpaka inakata.

"Nasikia Jumamosi ulikwenda," Metroni akasema.

"Nilikwenda. Mama mzima, mtoto mzima."

"Basi umekwisha jibu."

"Bado. Jibu langu liko njiani. Linakuja na lori."

Metroni akatazama saa ya ukutani. Mimi nikatazama barabara. Likapita lori la kokoto, halikusimama. Likapita la kuni, halikusimama. Nikamsikia Metroni akivuta kiti na kusema, "Sina asubuhi nzima," na Bi Biubwa akimjibu, "Wanawake wajawazito hawakimbii, Metroni. Hilo lipo kwenye kitabu chako."

Kisha likaja la mkaa kutoka Mlandizi, likapunguza mwendo, likasimama. Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Mwanne. Nyuma yake wanawake watatu wenye matumbo yao, wanashika kingo za lori kwa uangalifu, na kila mmoja jamvi lake limeviringishwa kichwani.

Bi Mwanne alipofika kwangu alisimama. Nikafuta mkono kwenye suruali lakini sikutoa shikamoo.

"Adamu. Mfaume yuko wapi?"

"Mlimfukuza. Leo mnaniuliza mimi?"

"Akipatikana, mwambie arudi. Mwamini alimtaja kwa kubanwa tu, Mfaume hakuwa na kosa."

"Kaseme Janga," nikamwambia. "Uani, mbele ya watu, kwa sauti ile ile uliyomfukuza nayo."

"Nimesema jana," akasema. "Baada ya adhuhuri. Hata Hemedi alisikia." Akapita, akaingia ndani.

Nikabaki nimeinamia gurudumu, sioni njiti wala mnyororo.

Ndani Metroni aliuliza, "Haya nini?" Alikuwa akinyooshea kidole majamvi, siyo watu.

"Mwambie huyu bibi," Bi Mwanne akamwambia Bi Biubwa, "hawa nimewaleta kwako. Wewe usipokuwapo, tunarudi na lori lile lile. Na wa Magindu nao hawaji, na wa Kisarawe hawaji."

Bi Biubwa hakuwa na haja ya kutafsiri, Metroni alikijua Kiswahili vya kutosha kutuamrisha. Mlango wa wodi ulikuwa wazi nyuma yake, na vitanda vile vyeupe vitupu vilionekana vyote.

"Mimi sichagui," Bi Biubwa akasema. "Nitafundisha hapa Jumatatu mpaka Ijumaa mchana. Ijumaa mchana nakwenda vijijini kufanya kazi, na wanafunzi wawili watakuja nami kwa zamu. Wanawake watakuja hapa. Atakayetaka kitanda, kipo. Atakayetaka jamvi, litatandikwa pale pembeni, na litasuguliwa kwa sabuni kama shuka zako. Na mama yake ataingia naye."

"Kwa mgonjwa mmoja, mtu mmoja tu," Metroni akasema.

"Si mgonjwa. Mzazi. Mtu mmoja, sawa."

Metroni hakusema ndiyo. Watu wale neno hilo huwakwama kooni. Aliingia wodini, akashika kitanda cha mwisho kwa mkono wake, Zubeda akashika upande wa pili, wakakisogeza ukutani. Chuma kikakwaruza sakafu. Pembeni pakawa peupe.

Bi Biubwa akachukua jamvi kutoka kichwani mwa mama wa kwanza, akalikung'uta, akalitandika. Akapiga magoti. Metroni alikuwa amesimama mbele yake, ndiyo, na karani, aliyekuja kuulizia baiskeli yake, akachungulia wakati huo huo na kwenda kutangaza barabara nzima kwamba Bi Biubwa kapiga magoti kwa Metroni.

Alipiga magoti, hilo halina ubishi. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo la mwanamke wa Janga. Kwa ule mwingine alimpungia Metroni, bila hata kumtazama, asogee asimzibie mwanga.